Mistari ya Jumanne Asubuhi

Niseme mapema, nisije nikaonekana napiga chuku: Mwanaidi Shemhilu hakuwa mtu wa kushtuka ovyo. Alikuwa katibu muhtasi wa kiwanda cha chai cha Kwemvumo, huku juu Usambara, kwa miaka ishirini na minne. Alifanya kazi chini ya mameneja saba, wawili kati yao walevi wa kutupwa, na kiwanda kilipobinafsishwa alikabidhiwa kwa wenye mali wapya pamoja na makabati na taipureta. Alishaona boila ikipasuka. Alishaona mvua za Elnino zikikata barabara ya Soni mpaka watu wakala ugali kwa majani ya chai. Haya, hilo la majani ya chai nimeongeza. Lakini ile Ijumaa ya mwezi wa tano, mwaka tisini na nane, Mwanaidi alishtuka, na mimi simlaumu hata kidogo.

Wenye mali wapya walikuwa wameleta kompyuta. Ilikuja na kisanduku chembamba chenye taa nyekundu, kinaitwa modemu, ambacho kazi yake ni kuyachukua maandishi na kuyapitisha kwenye waya wa simu yakatokee Dar es Salaam. Kila Ijumaa kabla ya saa sita mchana, ripoti ya kiwanda ilitakiwa ifike makao makuu kwa barua pepe. Wiki nne za mwanzo ilifika bila matata. Halafu Jumanne ya wiki ya tano, ukijaribu kutuma barua yoyote, kompyuta inakujibu kwa Kiingereza chake cha kiofisi kwamba modemu inatumiwa na programu nyingine. Programu gani? Haisemi. Unazima, unawasha, jibu ni lile lile.

Meneja wa sasa, Bwana Alphonce, hakuwa mlevi. Alikuwa mtu wa suti na kalamu mbili mfukoni. Jumatano alimwita Mwanaidi ofisini kwake, hakumkaribisha kiti.

"Bi Mwanaidi," alisema, "mashine ilikuwa nzima mkononi mwako, na imeharibika mkononi mwako. Ripoti isipofika Ijumaa saa sita, mimi sitakuwa na neno la kukutetea."

Mwanaidi alielewa. Mwezi wa tatu kiwanda kilipunguza watu arobaini na mmoja, na barua zote alizichapa yeye, moja moja, akijua watoto wa kila mtu kwa majina. Sasa ilikuwa inasemwa waziwazi kwamba huko Dar kuna vijana wenye vyeti vya kompyuta, na mama wa taipureta wa nini tena? Marehemu mumewe alimwachia shamba la viazi na binti mmoja, Shamsa, aliyekuwa kidato cha tatu Kifungilo. Viazi havisomeshi mtu. Kazi hii ikimponyoka, mambo yake yote yangekwenda mrama, na alilijua hilo usiku na mchana.

Basi Ijumaa hiyo, saa tatu na nusu asubuhi, ukungu bado umelalia madirisha, meneja alipiga simu Dar kumtafuta fundi. Mwanaidi alisimama kando. Na Kristofa alikuwepo, yule fundi wa boila kutoka Njombe, ambaye hakuna aliyemwita, lakini palipo na jambo Kristofa hakosi.

"Fundi anasema hana haja ya kuja," meneja alisema, akiweka mkono juu ya simu. "Anasema ataingia."

"Ataingia wapi?" Kristofa akauliza.

"Ndani ya kompyuta. Kwa waya wa simu. Anasema mama anayeitumia akae mbele yake, sisi tukate simu, halafu tusiguse kitu."

Kristofa alicheka mpaka akashika meza. Siku zile kiwandani kulikuwa na laini moja tu ya simu, kwa hiyo huyo fundi akishaitumia kuingilia, hakuna wa kuongea naye tena. Meneja alikata simu. Wakangoja. Simu ikalia mara mbili, haikupokewa na mtu, ikanyamaza yenyewe. Kile kisanduku chembamba kikaanza kulia kwa sauti za ajabu, mara kinapiga mluzi, mara kinakoroma, taa zake zikichezacheza. Kisha kimya.

Mshale kwenye kioo ukasogea.

Mwanaidi alikuwa amekunja mikono kifuani. Aliitazama mikono yake, akamtazama meneja, akamtazama Kristofa. Hakuna aliyegusa mausi. Ilikuwa pale pale mezani, imelala juu ya kitambaa alichokifuma mwenyewe, haijatikisika hata unywele. Na mshale ulikuwa unatembea. Ulipanda juu, ukashuka, ukafungua dirisha moja, ukalifunga, ukafungua jingine, kwa uhakika kabisa, kama mwenye nyumba anayetafuta funguo zake.

"Yarabi," Mwanaidi akanong'ona.

Kristofa alikuwa ameacha kucheka. Alivua kofia yake, akaishika mkononi. Meneja naye, na kalamu zake mbili, kinywa kilikuwa wazi. Kutoka Dar mpaka hapo ni mabasi mawili na siku nzima, upite Segera, upite Mombo, upande kona zote zile huku abiria wakitapika. Na kuna mkono wa mtu ulikuwa umeipita safari yote hiyo na sasa uko mezani pao, hauonekani. Mwanaidi alihisi nywele za shingoni zinamsimama. Haikuwa hofu. Nilimuuliza baadaye, akasema ilikuwa kama siku aliyomzaa Shamsa, pale mkunga alipomwekea mtoto kifuani, akashindwa kusema neno.

Ukurasa mweupe ukafunguka, na herufi zikaanza kujiandika. MAMA UPO?

Sasa Mwanaidi alikuwa Mshambaa, na Mshambaa hata akikutana na mizimu atasalimia kwanza. Alivuta kiti, akaketi, vidole vyake vyote kumi vikatua mahali pake. SHIKAMOO FUNDI, aliandika.

Herufi zikarudi. SHIKAMOO WEWE MAMA! MIMI NI MTOTO WAKO, NAITWA SABRA, NINA MIAKA ISHIRINI NA TATU.

"Ni binti!" Kristofa akapiga yowe.

MARAHABA MWANANGU, Mwanaidi akaandika, na mikono ikarudi kifuani. Mshale ukaendelea na shughuli zake. Ukazunguka, ukasimama. Dakika moja ikapita, mbili, tatu. Mwanaidi akakaa kwa adabu. Hatimaye maandishi yakaja: MAMA MBONA HUBONYEZI PALE NILIPOKUONYESHA? NAKUSUBIRI.

NILIKUACHIA NAFASI, Mwanaidi akajibu. NILIDHANI HUJAMALIZA KUONGEA.

Kumbe wawili hao walikuwa wanangojana. Mmoja anaona si heshima kugusa kitu wakati mwenzake kakishika, mwingine anashangaa mama amesinzia. Hapo dakika tano nzuri zilikwenda na maji, na meneja akatazama saa yake kwa kishindo.

Baada ya hapo walikwenda vizuri. Sabra alieleza anachotafuta, na alieleza kwa lugha ya mtu mwenye akili, si ya kujionyesha. Modemu ni moja, aliandika, na waya ni mmoja. Programu moja tu ndiyo inayoweza kuishika kwa wakati mmoja. Kuna programu yenu ya barua pepe. Na kuna hii ninayoingilia mimi, ya kuendesha kompyuta kwa mbali. Hii ya kwangu inatakiwa ilale mpaka ninyi muiamshe. Naona inaamka yenyewe kila mnapowasha mashine, inaikumbatia modemu, inakaa kungoja simu yangu siku nzima. Barua pepe ikija inakuta modemu ina mwenyewe.

"Basi aiondoe!" meneja akasema, kana kwamba binti anamsikia.

Mwanaidi aliliandika swali kwa adabu zaidi. Jibu likaja: NIMETAFUTA MAHALI PANAPOIAMSHA, SIPAONI. PALE PA KAWAIDA HAPANA KITU.

Mshale ukatafuta tena. Ikafika saa nne na nusu. Ikafika saa tano kasoro. Mara mshale ukasimama katikati ya kioo, haufanyi lolote, na hilo lilimtia baridi kuliko yote.

MAMA NISAMEHE, Sabra akaandika. TATIZO LINATOKEA WAKATI MASHINE INAAMKA. PALE MWANZO, KIOO KIKIWA CHEUSI, INAPITA MISTARI MINGI KWA HARAKA. JIBU LIKO KWENYE ILE MISTARI. LAKINI MIMI NAWEZA KUINGIA IKISHAAMKA TU. WAKATI ULE SIPO. NINGEKUWA HAPO KWENU NINGEJARIBU KUIONA, INGAWA HATA MAFUNDI HUWA HAWAIWAHI.

Mwanaidi alisoma mara mbili. Halafu akainuka, akaenda kwenye meza yake ya zamani, akafungua mtoto wa meza, akatoa daftari la jalada la bluu.

Hapa inabidi niwaeleze kitu, maana watoto wa siku hizi hamkijui. Mwanaidi alisomea uhazili Tabora, na huko walifundishwa hatimkato. Ni maandishi ya vimistari na vindoano, mtu anaongea haraka namna gani, wewe unamnasa. Mwanaidi alikuwa ananasa maneno mia na ishirini kwa dakika, na mameneja wale saba wote waliwahi kumjaribu wakashindwa kumwacha nyuma. Tena alifundishwa kwamba katibu muhtasi hachagui. Linalosemwa mbele yake analiandika, liwe la maana au la upuuzi, na tarehe juu.

Kompyuta ilipofika, hakuna aliyekaa kumfundisha. Ikawa kila asubuhi akiiwasha, kioo cheusi kinapitisha ile mistari, yeye anaona ni kama mkubwa fulani anaongea naye kabla ya kazi kuanza. Siku ya kwanza alinasa mitatu. Wiki ya pili alikuwa anainasa karibu yote, hata asiyoielewa, herufi na namba zake. Kristofa alimkuta siku moja akamuuliza kama anaandikiana na jini. Akamwambia jini angekuwa na adabu kumzidi.

Sasa akaliweka daftari kando ya kibodi, akafungua ukurasa wa Jumatatu.

SABRA MWANANGU, aliandika, ILE MISTARI NINAYO.

UNAYO VIPI?

Mwanaidi akaanza kuichapa. Alichapa ya Jumatatu asubuhi, mistari kumi na tisa, vidole vinaita kama mvua kwenye bati. Kisha akaruka mstari, akachapa ya Jumanne asubuhi. Na alipokuwa anaichapa ndipo yeye mwenyewe alipoiona, maana macho ya mtu aliyelinganisha nakala kwa miaka ishirini na minne hayapitwi. Ya Jumatatu ilikuwa kumi na tisa. Ya Jumanne ilikuwa ishirini. Mstari wa kumi na saba ulikuwa mgeni, na ndani yake lilikuwemo jina la ile programu ya kuingilia kwa mbali, na jina la modemu.

Akauwekea mstari huo alama ya kalamu kwenye daftari.

MAMA, Sabra akaandika. Halafu tena: MAMA. NIMEKAA CHUO MIAKA MITATU SIJAONA MTU ALIYEFANYA HIVI. NIMESIMAMA HAPA NILIPO.

Ikawa sasa watu wawili, mmoja yuko mlimani, mwingine yuko pwani, kila mmoja amepigwa na butwaa juu ya mwenzake. Kristofa alimpiga Mwanaidi begani akasahau kwamba ni mama wa heshima zake. "Mama Shamsa, wewe ni kiboko!"

Sabra alipata nguvu mpya. KWA HIYO, aliandika, KUNA MTU ALIBADILISHA KITU KATI YA JUMATATU ASUBUHI NA JUMANNE ASUBUHI. NAIAMBIA MASHINE INIONYESHE KILA KILICHOGUSWA JUMATATU, NA SAA YAKE.

"Hakuna haja ya yote hayo," meneja akasema ghafla. "Mwambie auondoe huo mstari, yaishe."

Lakini mshale ulishafika. Orodha fupi ikajipanga kwenye kioo, ya vitu vitatu. Faili la mistari ya asubuhi, limeguswa Jumatatu saa kumi na mbili na nusu jioni. Programu ya kuingilia kwa mbali, dakika mbili baadaye. Na la tatu, limeandikwa saa kumi na mbili na dakika hamsini, linaitwa Barua ya Mwanaidi.

Mwanaidi huondoka kazini saa kumi, awahi gari la Lushoto. Ufunguo wa ofisi ile uko kwa watu wawili, yeye na meneja. Na Bwana Alphonce, tangu afike Kwemvumo, hakuwahi kuchapa barua kwa mkono wake hata moja. Zote Mwanaidi ndiye aliyemchapia. Ipo barua gani duniani ambayo meneja hawezi kumpa katibu wake aichape?

Hakulifungua lile faili. Hakuwa na haja ya kulifungua; barua ya kupunguzwa kazi alishaichapa mara arobaini na moja, alijua maneno yake kwa kichwa, alijua mpaka koma zilipo. Akaelewa na lile jingine pia: kwamba jioni ile, meneja akihangaika na mashine asiyoijua ili aandike kwa siri, ilimuuliza swali naye akabonyeza ndiyo ili imwondokee. Mashine ikatii. Siku mbili baadaye akamwita Mwanaidi na kumwambia imeharibika mkononi mwake, na barua yake ilikuwa imeshaandikwa. Alitamani kuung'oa ule waya ukutani, amwachie mashine yake na ripoti yake, ateremke zake.

Meneja alikuwa anatazama nje, kwenye ukungu, kana kwamba kuna kitu huko. Kristofa alitazama sakafu.

MAMA UPO? Sabra akaandika, na safari hii zile herufi zilijiandika taratibu. Alikuwa ameiona orodha ile ile.

Mwanaidi aliufuta uso kwa ncha ya khanga. Alifikiri juu ya yule binti aliyesema amesimama. Akajikaza kisabuni.

NIPO. TUENDELEE, MUDA UNAKWISHA.

SASA NAUZIMA HUO MSTARI. ILA UJUE, MLANGO NILIOINGILIA NDIO HUO HUO NINAOUFUNGA. UKIZIMA NA KUWASHA, MIMI SITAKUWEPO. KAMA NIMEKOSEA SITAWEZA KURUDI. UTAKUWA PEKE YAKO.

NIMEKUWA PEKE YANGU SIKU NYINGI, Mwanaidi aliandika. UFUNGE.

Mshale ukaenda, ukafanya kazi yake, ukarudi katikati. Ukatikisika mara mbili, kulia na kushoto, na Mwanaidi aliapa kwamba ile ilikuwa kuaga. Kisha ukabaki pale, hauna mtu.

Ilikuwa saa tano na dakika thelathini na tano. Alizima. Akahesabu mpaka kumi. Akawasha. Kioo kikawa cheusi, mistari ikapita, na mkono wake wa kulia ukaifuata kwenye daftari kwa mazoea. Kumi na tisa. Akafungua barua pepe, akaiweka ripoti, akabonyeza kutuma.

Kisanduku kikakaa kimya. Kikakaa. Halafu kikapiga mluzi, kikakoroma, taa zikacheza, na kwenye kioo kimstari cha bluu kikaanza kujaa polepole. Ripoti nzima ya kiwanda, kilo zote za majani ya chai za wiki nzima na jasho la waliozichuma, ilikuwa inapita kwenye waya mwembamba kuliko utambi wa taa, inateremka mlima. Kimstari kikajaa. Na bila kuombwa, barua za siku nne zilizokuwa zimekwama huko Dar zikaanza kuingia, moja baada ya nyingine.

"Allahu akbar," Mwanaidi akasema kwa sauti, mbele ya meneja, wala hakujali.

Baada ya muda simu ililia, ya kawaida. Meneja akapokea. Sauti ya Sabra ilikuwa kali, ikasikika chumba kizima.

"Imefika, Bwana Meneja! Natakiwa kuandika taarifa ya tatizo, iende kwa mkurugenzi. Aliyeligundua nimeshamwandika. Pale panaposema nani alisababisha, niandike nani?"

Bwana Alphonce alishika simu kwa mikono miwili. Mwanaidi alikuwa amempa mgongo. Hakugeuka. Kama atasema uongo, na aseme, alijiambia, mimi leo nimeyaona makubwa ya kunitosha.

"Andika meneja," Bwana Alphonce alisema. "Andika ni mimi."

Akaiweka simu chini. Kristofa, kwa mara ya kwanza maishani mwake, alitambua kwamba hatakiwi, akavaa kofia akatoka. Meneja akaja taratibu mpaka pale kwenye kompyuta.

"Bi Mwanaidi. Lile faili. Sijui linafutwaje."

Angeweza kulifuta mwenyewe kwa sekunde moja. Akainuka, akamwachia kiti. "Shika mausi," alisema. "Peleka mshale juu ya jina. Bonyeza mara moja tu. Sasa bonyeza hapa."

Mshale wa meneja ukapotea njia mara mbili. Kikatokea kijisanduku chenye maandishi. Alikisoma, Kiingereza anakijua vizuri, lakini akabaki amekaa.

"Inauliza kama una hakika," Mwanaidi akamwambia.

Meneja akabonyeza. Jina likatoweka.

"Na nakala?" Mwanaidi akauliza. "Barua ya ofisi haikosi nakala."

Bwana Alphonce akaingiza mkono ndani ya koti, akatoa karatasi iliyokunjwa mara nne, imeshatiwa sahihi, akampa. Mwanaidi aliikunjua, akaisoma akiwa amesimama, kuanzia kumbukumbu namba mpaka jina la chini, hakuruka neno. Machozi yalimtoka akayaacha yatoke. Meneja alisimama naye akangoja mpaka alipomaliza. Kisha Mwanaidi akaichana vipande vidogo, akavitia kwenye ndoo ya taka, akarudi kwenye kiti chake.

"Barua zilizoingia ni kumi na moja, Bwana Meneja," alisema. "Tuanze na ipi?"